Redio za Waliosema Watarudi

Kabla hajafungua redio, alikuwa anainusa. Aliigeuza mgongo, akaweka pua kwenye vile vitundu vya nyuma, akafumba macho kidogo, kisha akatoa hukumu. "Hii imeingia mende." Au, "Hii mmeichanganyia mawe ya betri mapya na yaliyokufa, imeungua." Redio za wafugaji wa Kakese alizitambua hata kabla hazijatolewa kwenye khanga, kwa kuwa zilinuka maziwa. Wateja wageni walidhani ni mbwembwe za kuongezea bei. Mimi nilikaa kwenye kibanda chake saa nyingi za maisha yangu na sikumbuki pua ile ikikosea.

Tulimwita Fundi. Mpanda ya miaka ya tisini ilikuwa na mafundi wa kila namna, wa baiskeli, wa cherehani, wa kujenga, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, mtu alikuonyesha kibanda cha mabati upande wa stesheni, chenye jiko la mkaa mlangoni. Kwenye jiko hilo alipasha chuma cha kuchomea risasi, na kwenye jiko hilohilo alichemsha chai ya tangawizi isiyo na sukari. Ukinywa uliisikia risasi ulimini. Hakupenda kuulizwa kwao ni wapi, basi nami sitajitia kukusimulia ukoo wake. Ninayoyajua yanatosha, na mengi nayakumbuka kwa hasira, kwa sababu mtu huyu aliniudhi kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Tulizoeana kwenye benchi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kakese, mume amekwenda zake tangu niliposhikwa na kikohozi, na hospitali imenianzishia dozi ya kifua kikuu ya miezi minane. Miezi miwili ya kwanza lazima umeze mbele ya nesi kila asubuhi, kwa hiyo nilihamia kwa mama mdogo, mtaa wa Misunkumilo, nikawa mtu wa benchi la varandani pamoja na wenzangu wenye kadi za rangi moja. Fundi alikaa mwisho wa benchi, amevaa koti la sufu katika Oktoba ile ya kupasua midomo. Wiki tatu tulijifanya hatujuani, ingawa redio yangu ilikuwa kwake inatengenezwa.

Wengi wetu pale tulikuwa na kifua na kile kingine. Vipimo vilishatuambia, kila mtu kwa wakati wake, na kila mtu alikwenda kuficha alikojua. Mtaani hawakutaja ukimwi, walisema fulani amekanyaga waya, halafu wanacheka. Asubuhi moja tunasubiri maji ya kumezea, Fundi alisogea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, na wewe umekanyaga waya?" Nilitaka kumzaba kibao. Akaongeza, "Usikasirike. Mimi nimeukanyaga kikazi, si unajua ni fundi." Nilicheka hadi nikakohoa, na nesi akatuuliza kama tumekuja kumeza dawa au kupiga soga.

Basi ukawa ndio mwanzo. Jioni nikitoka kwa mama mdogo nilipita kibandani, nikakaa kwenye kreti, nikamtazama akifanya kazi. Wateja walikuwa na swali lao moja: "Fundi, redio imepona?" Jibu lake halikubadilika. "Redio haiponi. Redio inasema au haisemi. Hii inasema. Ichukue kabla haijabadili mawazo." Wengine walicheka, wengine walinuna, maana mtu aliyelipia anataka kuambiwa kitu chake kimekuwa kipya.

Alikuwa hivyohivyo kwa betri. Pale kwetu betri ikichoka hukuitupa. Uliyaanika yale mawe juu ya bati mchana kutwa, na jioni redio ikasema tena, nusu saa, saa moja. Watu walidhani jua limeingiza moto. Fundi alikataa. "Jua halitii moto. Linayakumbusha tu kwamba zamani yalikuwa na moto." Na kila aliposikia kuna dawa mpya ya ugonjwa wetu mahali fulani, mizizi ya huyu au maji ya yule, mgonjwa amekunywa akaamka akalima, alikunja uso akasema, "Wameanika mawe."

Na dawa zilikuwa hazikauki. Ninyi mnaosoma hili leo hamjui adha ile. Kila mwezi tiba ilipatikana. Iliteremka na abiria wa treni, ikapanda na malori ya samaki kutoka ziwani, ikapita kwenye vilabu vya pombe, ikafika kwetu imeshaponya watu mia. Ukiambiwa mara ya kwanza moyo unaruka. Mara ya kumi moyo unaruka vilevile, hilo ndilo lililonikasirisha. Hauchoki kudanganywa, kama mbuzi anayefuata ndoo tupu.

Siku moja aliingia mfugaji mmoja wa Kakese, mtu mkubwa, mwenye heshima zake, akiwa na redio yake kifuani. "Fundi, umesikia? Dawa ya ukimwi imepatikana. Redio imesema."

"Redio ipi?"

"Si hii hapa."

"Lete." Fundi akaichukua, akaitia bisibisi, akafungua mgongo wote, akaigeuzia kwa mwenyewe. "Nionyeshe ilipo."

Yule baba alitazama nyaya na vumbi, akatazama uso wa Fundi, akajua kuna kitu amekanyaga bila kukusudia. "Baba, mimi nimesema tu nilichosikia," alisema. Fundi aliifunga redio, akamfutia vumbi, hakumtoza. Nilimwambia alikuwa amemkosea adabu mtu mzima asiye na hatia. Alikubali. Kesho yake alimfanyia vivyo hivyo mtu mwingine.

Sasa, usidhani kwamba hakuwa na tumaini. Hapo ndipo aliponichosha. Mtu huyu aliyewakemea watu kwa kuamini redio, kila magharibi alifunga mlango wa kibanda nusu, akavuta arieli, akatafuta idhaa za Kiswahili za nchi za mbali, akakaa sikio limegusa spika. Nilimkuta mara nyingi. Akinisikia alisogeza mshale haraka kwenye muziki wa Burundi, akajifanya anapima sauti.

Na kuna ile siku ya mkutano wa injili uwanjani. Mhubiri mgeni alikuwa na vipaza sauti vikubwa na amplifaya mbovu, wakamkodi Fundi akae chini ya jukwaa kushikilia waya mmoja uliokuwa ukilegea. Mhubiri akaita wagonjwa mbele. Wenye macho yanayouma walikwenda. Wenye miguu walikwenda. Akaita wasiozaa, wakaenda. Kisha akasema, "Na wenye ule ugonjwa wa kisasa, njooni, leo mnapona." Nilikuwepo. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshainuka, nikageuza kichwa nikamwona mwalimu mkuu wangu safu mbili nyuma, nikaurudisha chini. Hakwenda mtu hata mmoja. Tiba ilikuwa pale, hatua thelathini, na ili uipate lazima kwanza mji mzima ukujue.

Mhubiri akatupa macho, akamwona mwanamume mwembamba mwenye koti amesimama mbele peke yake. Alishuka, akamwekea mikono miwili kichwani, akaomba kwa nguvu. Alipomaliza, kipaza sauti kikadaka sauti ya Fundi: "Mchungaji, mimi fundi. Nimeshika waya." Watu waliangua kicheko hadi wakashikana mabega. Nami nilicheka.

Kesho yake nilimuuliza kwa nini hakusema mapema, kabla mtu wa Mungu hajajichosha. Alikuwa anaparuza betri kutu, hakuinua macho. "Nilimwacha afike amina kwanza," alisema.

Kule kwenye benchi tuliwahi kuongea juu ya kupona, mara moja tu, wazi. Alikuwepo mama mmoja wa Litapunga, mkulima, mcheshi, anayeleta karanga kwenye ncha ya khanga na kugawa. Mtu alianzisha: wakikupa dawa leo, ukapona kabisa, utafanya nini? Wengine walisema watajenga, watarudi shamba. Mama wa Litapunga alitafuna karanga zake, akasema, "Nikipona mimi, mume wangu atafufuka? Shemeji zangu watarudisha shamba? Watasema nimemuua kaka yao halafu nikapona peke yangu." Fundi alisema, "Mimi sitawaza hayo. Mimi nawaza itafikaje. Dawa ikipatikana itaanzia Ulaya. Itashuka Dar. Itapanda treni. Nyie mnajua treni inaishia wapi?" Tulijua. Inaishia kwetu, reli ikifika Mpanda imekwisha. "Na mzigo wa mwisho wa reli," alisema, "hufika nusu."

Inabidi sasa niwaeleze rafu yake ya juu.

Sijui nani alianza, lakini ilikuwa desturi ya mji: mtu wetu akienda kwa mganga wa mbali, redio yake aliiacha kwa Fundi, hata kama ni nzima. Sababu moja ilikuwa ya kawaida tu. Ukiiacha nyumbani, shemeji wanaanza kuigombania hujavuka hata daraja. Ikiwa kwa fundi, ipo kwenye matengenezo, haiguswi. Sababu ya pili hawakuitamka, ila uliiona usoni mwao. Mwenye kitu kwa fundi lazima arudi. "Nikirudi nitaichukua," walisema wote, maneno yaleyale. Fundi alikata kipande cha boksi la majani ya chai, akatoboa, akatia uzi, akaandika jina mstari wa kwanza na tatizo mstari wa pili, kama mwenye redio alivyolieleza. Wengi walijua wanadanganya, wakasema inakoroma.

Aliichukia desturi ile. "Wamenifanya mlinzi wa mochwari," aliniambia. Lakini hakumkataa mtu. Na kila Jumamosi alizishusha zote, akazitia mawe yake mwenyewe, akaziwasha moja moja zikaongea dakika chache, ili unyevu na mende visiziharibu. Kisha akatoa mawe, akazipandisha. Rafu ilijaa. Ilishuka moja, zikapanda tatu.

Mama wa Litapunga naye aliileta ya kwake. Kulikuwa na mganga amevuma kule ng'ambo ya milima, kando ya Ziwa Tanganyika. Siku arobaini unakunywa dawa yake, huli chumvi, na vidonge vya hospitali unaviacha kabisa kwa sababu vinagombana na mizizi. Mama alikuwa amebakiza miezi miwili ya dozi ya kifua. Fundi aliipokea redio, akaandika boksi. Mama hakurudi. Kilichomuua si kile kikubwa, kilikuwa kifua, kile alichokaribia kukimaliza. Shemeji yake alipokuja kudai redio, Fundi alimwambia imekufa, haisemi tena, na Jumamosi ile niliisikia mwenyewe ikisoma matangazo ya vifo. Aliitoa siku binti mkubwa wa marehemu alipokuja.

Mwezi uliofuata nikaileta ya kwangu.

Mnaweza kunicheka. Nilikuwa mwalimu, nimesoma, nimemwona mama wa watu amekwenda. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na saba, na mtu aliyetoka huko ziwani alikuwa amenenepa, nimemwona kwa macho yangu. Nilikuwa na mwezi mmoja wa vidonge mbele yangu na ruhusa ya mwalimu mkuu mfukoni. Niliweka redio juu ya meza. "Shikamoo Fundi. Nakuachia. Nikirudi nitaichukua."

Hakuitikia marahaba. Aliinusa. "Hii nzima."

"Najua."

"Sipokei."

Nilidhani anatania. Nikamwambia mbona za wengine umepokea, rafu nzima ile.

"Ndiyo maana. Ichukue redio yako, mwalimu."

"Fundi, ni roho yangu, si yako."

"Kifua kina dawa," alisema. "Kinapona. Dawa yake ipo pale hospitali, unapewa bure, nesi anakubembeleza umeze. Hicho hutaki kukiponya. Unakiacha nusu unakwenda kutafuta kuponya kile ambacho hakuna aliyekiponya. Nyie watu mna nini?"

Nilimwambia neno ambalo bado linaniaibisha. Nilimwambia anataka tufe wote ili asife peke yake. Wateja wawili walikuwa mlangoni. Alinirudishia redio mikononi, akainama kwenye jiko akapuliza mkaa.

Sikwenda. Ningependa kusema nilielewa. Ukweli ni kwamba nilishindwa kumpata mtu mwingine wa kuniwekea redio, na ilionekana nuksi kuondoka bila kuiacha kwa fundi. Dozi niliimalizia kwa hasira, kila kidonge nikimtukana moyoni. Kifua kikapona. Nilipopewa karatasi ya kumaliza nilikwenda kumtupia mezani, akaisoma yote, akasema, "Inasema," akanimiminia chai.

Kilichomvunja hakikuwa uongo. Uongo alikuwa ameuzoea. Ilikuwa habari ya kweli. Jumapili moja mchana nilimkuta amekaa nje ya kibanda, mikono mitupu, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Aliniambia amesikia kwenye idhaa ya mbali, siku tatu mfululizo, na wameuliza madaktari, si waganga. Kule Ulaya kuna vidonge. Haviponyi, vinazuia. Unameza maisha yako yote. Watu waliokuwa kitandani wameinuka wamerudi kazini.

"Si ndivyo ulivyosema siku zote?" nilimwambia. "Haiponi, inasema."

"Ndiyo. Ni hivyo hasa ninavyovitaka. Na bei yake, mwalimu, hata wakiuza reli nzima." Akakwangua udongo kwa kisigino. "Ilipokuwa haipo nilikuwa nalala. Sasa ipo, silali."

Nilimwambia tungoje. Aliniuliza tungoje wapi.

Vidonge vilifika, na ninaandika haya kwa sababu vilifika. Vilikuja miaka baadaye, bure, mwisho wa reli, na mimi nikawa bado hai kuvipokea, kwa sababu kifua changu kilikuwa kimetibiwa hadi mwisho. Nameza kila siku. Watu wananiuliza, "Mwalimu, umenawiri, umepona?" Nawajibu alivyonifundisha. Na bado kila baada ya muda mtu ananijia na karatasi au simu, tiba imepatikana, imesemwa. Moyo unaruka. Umri huu wote, na bado unaruka, na kila ukiruka namkasirikia yeye, kwa sababu hayupo nimtazame anavyokunja uso.

Nimeruka mbele. Fundi alikuja shuleni Kakese mwisho wa kiangazi, saa ya mapumziko, anaikokota baiskeli badala ya kuipanda. Koti lilikuwa limekuwa kubwa kuliko yeye. Nilimkaribisha darasani, watoto walikuwa uwanjani, akakaa kwenye dawati la darasa la tatu, magoti juu. Akafungua kikapu, akatoa redio yake mwenyewe, ile ya magharibi.

"Kibanda nimefunga," alisema. "Zile za rafuni nimewapelekea ndugu za wenyewe, wale waliokuwa na ndugu. Hii nakuachia. Kuna lori la samaki linarudi ziwani mchana."

Nilielewa lori lile linakwenda kwa nani. "Sipokei."

"Mwalimu."

"Sipokei, Fundi. Ulinikatalia mimi mbele ya watu. Ulisema hakuna aliyekiponya."

"Na hakuna." Alisema hivyo bila ubishi wowote. "Wewe nilikukatalia kwa sababu ulikuwa na dozi ya kumaliza. Mimi nimeshamaliza zangu zote. Dozi yangu iliyobaki ipo wapi? Nionyeshe, nikaimeze."

Jibu la swali lile nimelitafuta miaka mingi tangu hapo. Nilimwambia tu kwamba yule mganga anaanika mawe, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Najua," alisema. "Nimechoka kuwa mtu anayejua."

Basi nikaipokea. Alinieleza nisiache mawe ndani, yatavuja, na Jumamosi niiwashe kidogo. Kisha akatoa mfukoni kipande cha boksi la majani ya chai, kimeshatobolewa, kimeshatiwa uzi, akakiweka juu ya dawati. Nilichukua kalamu. Jina lake nilikuwa nalijua kutoka kwenye kadi ya kliniki, ingawa sikuwahi kulitamka. Nilipoandika herufi ya kwanza alinizuia mkono.

"Hilo la kliniki acha. Andika Fundi. Nikirudi nitajua ni yangu."

Nikaifuta, nikaandika Fundi. "Na mstari wa pili? Tatizo?"

Aliichukua redio mara ya mwisho, akaigeuza, akaweka pua kwenye vitundu vya nyuma na kufumba macho. Nje mtoto wa zamu alikuwa ameshika chuma, anasubiri kugonga kengele.

"Haina tatizo," alisema. "Inasema vizuri. Mwenyewe ndiye amechoka kusikiliza."

Sikuandika hivyo. Mstari wa pili niliuacha wazi, nikafunga uzi, na kengele ikagongwa.